Kiti Kisicho na Sauti

Wazee wetu waliposimulia habari za Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, walianza daima na Alibhai Mulla Jeevanjee. Mfanyabiashara huyo, mzaliwa wa Karachi, aliteuliwa mwaka 1909, akawa Mhindi wa kwanza kuingia humo. Aliingia peke yake, katikati ya Wazungu. Aliweza kusema, kuamua hakuweza. Serikali, hata hivyo, ilipata la kujibia kila Wahindi waliponung'unika: si mnaye mtu wenu?

Hati ya Devonshire ya mwaka 1923 iliigawa meza hiyo upya: viti 11 vya kuchaguliwa kwa Wazungu, vitano kwa Wahindi, kimoja kwa Waarabu. Wakati huo Wahindi walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu kwa idadi. Viongozi wetu walikuwa wakidai daftari moja la wapiga kura, si hesabu ya rangi, na kwa hasira wakasusia viti hivyo. Kususia huko twakusifu hadi leo, na ni haki yetu kukusifu.

Lakini hati ile ile iliyotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo makuu iliwapa Waafrika mwakilishi mmoja tu, naye ni mmisionari Mzungu wa kuteuliwa. Mwafrika mwenyewe, Eliud Mathu, hakuingia barazani hadi mwaka 1944. Jambo hilo wazee hawakulisimulia sana.

Nami sina haki ya kuwalaumu. Zamani nilikuwa katibu wa kamati moja ya jumuiya yetu. Tuliwaingiza akina mama wawili, tukayachapisha majina yao juu ya barua zetu, tukajiona watu wa kisasa. Mikutano ya hesabu tuliifanya usiku, nyuma ya duka langu, na hatukuwaita. Mmoja wao alinijia mchana, wateja wakisikia, akaniuliza, "Bhai, mlituweka kwa ajili ya picha?" Nilijifanya kutafuta risiti.

Ndipo nilipoelewa jinsi gavana alivyoweza kulala usingizi. Hakuhitaji kumchukia Jeevanjee. Ilitosha kumkaribisha kwa heshima, kisha kuyamaliza mambo mahali pengine.

Dada yule sasa ni bibi mwenye wajukuu. Daftari la fedha za maadhimisho haya liko mikononi mwake, na risiti zangu mbili amezikataa.