Ng'ombe aliyevunja JSON

Wadau, hii ni ya mwaka 2009. Mimi nilikuwa Kitale, mwenzangu Bungoma, tukiandika programu ya hesabu za maziwa. Msimbo tuliutazama kwa gitweb, kazi aliyoianzisha Kay Sievers mwaka 2005. Ilitoa HTML, RSS na Atom, JSON haikuwamo. Nikaiongeza, ili mwenzangu avute orodha ya mabadiliko tu, bila mapambo ya kumla salio.

Siku moja nikaandika: "nimerekebisha idadi ya ng'ombe". Ile ritifaa niliitangulizia alama \, kama JavaScript inavyoruhusu. Kivinjari changu, kwa eval, kikameza. RFC 4627 ya mwaka 2006 hairuhusu, na programu yake ilifuata sheria: ikakataa orodha nzima. Siku mbili akahangaika na kosa nililokwisha kulitoa. Nilifuta mstari mmoja, nikampigia kuomba radhi.