Majina Katika Vinywa vya Majirani: Bungoma, Elgon na Sirikwa

Katika lugha nyingi za Kibantu, shina moja huweza kubeba watu, lugha na nchi yao. Wabukusu hujiita Babukusu, lugha yao Lubukusu, na nchi yao Bubukusu. Kwa kanuni iyo hiyo, jina Bungoma hufasiriwa kuwa nchi ya Bangoma, yaani Wabongomek, tawi la Wasabaot ambalo wazawa wake wengi leo husema Kibukusu. Lugha yao imefifia, ilhali jina limedumu. Tena limedumu kwa kiambishi cha jirani: wenyewe husema kwa kiishio -ek cha Kikalenjin, si kwa bu- ya Kibantu.

Mlima Elgon nao watajwa kwa jina la Wakony, ila kwa matamshi ya Kimaasai, El Kony.

Mfano wa tatu ni wa kale zaidi. Kutoka nyanda za Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, hadi Nakuru, huonekana mashimo ya duara ambayo mapokeo ya Wakalenjin huyanasibisha na Wasirikwa, watu waliotangulia. Baadhi ya waandishi wa enzi za ukoloni waliyadhania kuwa makao ya watu. Utafiti wa J. E. G. Sutton, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa ubavuni. Wasirikwa hawakuacha maandishi. Jina lao limepokelewa kwa masimulizi ya waliokuja baadaye.

Mifano hii mitatu yathibitisha jambo moja: jina la kale aghalabu huhifadhiwa na jirani au mrithi. Kwa hiyo ni ushahidi wa kukutana, kuoana na kupokezana lugha, wala si hati ya kumiliki ardhi. Kosa la kulisoma kama hati si la kinadharia tu. Katika mapigano yaliyozikumba Trans Nzoia na Bungoma tangu mwaka 1991, watu walitengwa kuwa wenyeji na wageni, wakafukuzwa makwao.

Mhakiki wa fasihi simulizi ana wajibu hapa. Kabla ya kuuliza jina lamhusu nani, hana budi kuuliza nani alilitamka, na kwa lugha gani. Aliyeiita nchi hiyo Bungoma alikiri, kwa neno hilo hilo, kwamba alimkuta mwenzake pale.