Nani Apime Mfuko wa Mgonjwa?

Januari 1945 Wapare kwa maelfu waliacha mashamba yao, wakateremka mlimani hadi Same na kupiga kambi karibu na boma la Mwingereza. Kodi ya kichwa walikuwa wakilipa, hawakuwa na ugomvi nayo. Walichokataa ni mbiru, kodi mpya iliyopewa jina la tozo la kale la machifu. Mbiru ilitaka watu wakae, wakadirie mali ya kila mwenye kaya, kisha wampangie kiasi chake. Upande wa Usangi wanawake nao waliingia katika mgomo, wakamkabili mtawala uso kwa uso. Hatimaye makadirio yakaachwa, kikarudi kiwango kimoja kwa wote. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyeji wa milima hiyo, aliiandika habari hii mwaka 1971.

Naanza na kodi ili nifike kwenye deni la hospitali, kwa sababu swali ni lile lile: nani anaujua mfuko wa mwenzake?

   Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilifanya matibabu katika vituo vyake kuwa bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Kwa mtu wa mlimani gharama ilibaki njiani: kumbeba mgonjwa hadi barabarani, nauli, na chakula cha anayemuuguza, hasa akipelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi.

Uchumi ulipoyumba, utaratibu ukabadilika. Julai 1993 ikaanza sera ya kuchangia huduma, kwanza hospitali kubwa, kisha za wilaya. Misamaha nayo ikawekwa. Mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mgonjwa wa kifua kikuu hawana shida ya kutambuliwa. Shida ni maskini. Yeye hutakiwa kuthibitishwa na uongozi wa kijiji, ndipo aende na barua dirishani. Mwenye ng'ombe mmoja na shamba la tangawizi ambalo bado halijavunwa, ni maskini au si maskini? Mwaka 1945 watu walikataa kukadiriwa kuwa wanazo. Nusu karne baadaye mgonjwa analazimika kuomba akadiriwe kuwa hana.

Asiyepata barua hukimbilia ukoo. Kikao kinaitishwa, mchango unapitishwa, mbuzi anauzwa, tangawizi inachukuliwa ingali ardhini kwa bei ya mwenye pesa. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja iliyojenga barabara na shule nyingi za milimani. Lakini msaragambo ni nguvu za mikono, na mhasibu wa hospitali hapokei mawe wala matofali.

Kwa anayeshindwa kabisa kulipa deni, sheria ya ufilisi ipo tangu 1930. Kutangazwa mufilisi, hata hivyo, ni shauri la Mahakama Kuu, na wanaoijua njia hiyo ni wafanyabiashara wenye mawakili. Kinachomkinga mkulima ni kifungu kisichotajwa sana katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966: hata mdai akishinda kesi, dalali wa mahakama hana ruhusa ya kukamata nguo za mdaiwa, vyombo vyake vya kupikia, kitanda, wala zana zake za kilimo. Ni kinga ndogo, na haimfikii mtu aliyekopa kwa simu ili alipe bili. Huko mkopeshaji haendi mahakamani. Huwapigia simu ndugu na majirani wa mdaiwa, akimwaibisha. Watu wameiita mikopo hiyo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali.

Njia ya kulipa kabla ya kuugua ilijaribiwa kwanza wilayani Igunga, kati ya 1995 na 1996. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Mpango huo ukaitwa tele kwa tele. Mwaka 2001 Mfuko wa Afya ya Jamii ukapata sheria yake, na baadaye, ulipoboreshwa, kaya ya watu sita ikatakiwa kutoa 30,000. Fedha hiyo haikuwa nyingi, ila ilidaiwa kwa mkupuo, na mlimani pesa huja kwa msimu.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ndani yake umo mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Kwanza, hata hivyo, ni lazima watambuliwe.