Bati za Kanisa na Tiketi ya Mkunazini

Mwezi wa Julai mwaka 2017 nilisimama langoni pa Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, mjini Unguja, nikaambiwa nilipe kiingilio. Nilikuwa nimefuatana na mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa mwaka wa pili katika masomo ya ualimu. Kijana wa dirishani aliniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza kama sisi ni wenyeji au wageni, maana bei hazifanani. Nikamwambia kwamba mimi ni Mwanglikana tangu kubatizwa kwangu, na kwamba sijapata kuona mtu akikata tiketi kuingia nyumba ya Mungu kama aingiavyo uwanja wa Kambarage, Shinyanga, kutazama mpira.

Kijana akacheka. "Shikamoo tena, mzee wangu. Kwenye ibada hatutozi. Ungekuja juzi Jumapili ungeingia bure. Leo Jumanne, tiketi hizi ndizo bati zetu."

Hakujua amenichoma wapi. Mjukuu wangu alikwisha kutoa fedha, kwani aliona babu yake anaanza kutoa darasa mbele ya foleni ya Wazungu. Nikaingia nimenyamaza, na neno lile la bati likaingia pamoja nami.

Msomaji mpenzi, nimefundisha historia miaka mingi, na katika miaka yangu ya mwisho kazini niliongoza chuo cha ualimu. Habari za kanisa lile nilizisomesha nikiwa bado sijaliona. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa tarehe 6 Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishurutishwa na Waingereza kuutia sahihi. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale. Hayo kila mwanafunzi aliyakariri. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kuniuliza: fedha zilitoka wapi? Nami sikuwahi kujiuliza, ingawa kama mkuu wa chuo nilikuwa nikilala na hesabu za unga na maharage chini ya mto.

Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na padri mmoja wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jambo hili la pili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kanisa Kuu la Waanglikana limesimama juu ya zawadi ya mtu ambaye hakuwa Mkristo, katika mji wa Waislamu, chini ya Sultani. Hata saa ya mnarani husemwa ni tunu ya Barghash mwenyewe. Fedha nyingine zilitoka Uingereza, kwa wafadhili wa misheni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, UMCA, ambayo chanzo chake ni hotuba ya Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Pensi za akina mama wa parokia za kule zilivuka bahari zikageuka mawe ya matumbawe.

Msimamizi wa kazi alikuwa Askofu Edward Steere. Sisi walimu wa Kiswahili tunamheshimu kwa sababu nyingine: kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, hadithi za Waswahili alizozikusanya, na tafsiri ya Agano Jipya. Kumbe mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akishinda juani na waashi, akipanga paa la kuba refu la vipande vya matumbawe na saruji, bila boriti wala bati. Walikuwapo waliosema litaporomoka. Halikuporomoka. Ujenzi ulichukua miaka ipatayo saba, na Steere alifariki Agosti 1882 akazikwa nyuma ya altare. Nilisimama pale na mjukuu wangu nikamweleza habari za ngeli za nomino. Aliniambia nipunguze sauti.

Ila kujenga ni jambo moja na kutunza ni jambo jingine, wala wafadhili hawalingani katika hayo mawili. Mtu hutoa kwa furaha fedha za jiwe la msingi, kwani jina lake litasomwa, lakini ya kuziba ufa hakuna anayeigombea. Na jengo la matumbawe karibu na bahari halitosheki: chumvi hupanda ukutani, maji ya mvua hutafuta njia, mizizi ya miti midogo huingia nyufani. Misheni ilipokuwa na nguvu, Uingereza ililipa. Baadaye mzigo ukawa wa dayosisi, katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, na waumini wetu hawatoshi hata kulipia rangi. Msikiti wa jirani huweza kuwa na wakfu: nyumba au duka ambalo marehemu fulani aliliacha, kodi yake ikanunua mikeka na mafuta miaka nenda miaka rudi. Nadhani huo ni utaratibu wa busara kuliko wetu. Bara, baadhi ya misheni ziliegemea shule zao, na shule zenyewe zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Sisemi hivyo kwa kulalamika, kwani bila hatua ile mtoto wa mfugaji kama mimi asingekuwa mwalimu mkuu.

Basi Mkunazini wamebaki na mgeni. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na watalii wakaongezeka. Fedha za Umoja wa Ulaya, kwa kushirikiana na Mfuko wa Makumbusho ya Dunia wa New York, zilisaidia ukarabati na kufungua maonyesho ya historia ya utumwa mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya safari yetu. Kazi ile ni nzuri. Maelezo ya ukutani ni ya kweli na hayamfichi mtu yeyote, si Mwarabu, si Mzungu, si Mwafrika aliyemuuza Mwafrika mwenzake.

Hata hivyo nilikwazika mahali pamoja. Chini ya jengo la Mtakatifu Monika kuna vyumba viwili vya dari fupi, na mwongoza wageni mmoja alikuwa akiwaambia watu wake kwamba humo watumwa walifungiwa wakingoja mnada. Jengo lile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, miaka ya 1890, soko likiwa limekwisha kufungwa zamani. Wapo wanahistoria wanaoona vile ni vyumba vya ghala. Nikamsogelea yule mwongozaji pembeni, nikamwuliza kwa upole. Akanijibu: "Mwalimu, nayajua hayo. Lakini mgeni akitoka humo chini analia, na akilia anatia kitu kwenye sanduku la mchango." Sikuwa na la kumjibu. Watumwa waliuzwa kweli, hatua chache tu kutoka pale, na mateso yao hayahitaji chumvi yetu. Lakini ufa ule darini nao ulikuwa wa kweli.

Ingelikuwa zamani ningemkaripia. Siku ile sikuweza, kwa sababu ya bati.

Sasa niseme yangu. Kwetu Usukuma Waanglikana hatukuwa wengi kamwe. Wamisionari wa CMS walifika Nassa, kando ya ziwa, mwaka 1888, lakini mwaka 1909 walikabidhi kituo kile kwa Africa Inland Mission, na ndiyo maana hadi leo ukitupa jiwe Shinyanga litamwangukia Mkatoliki au mtu wa AIC kabla halijampata mmoja wetu. Upande wa kusini mwa ziwa, huko Usambiro, alifariki Alexander Mackay mwaka 1890, na mifupa yake ilihamishiwa Namirembe mwaka 1927. Hata wafu wetu walituhama! Huwa nalisema hili kwa mzaha, lakini mtaa mdogo usio na wafadhili wala makaburi mashuhuri hujengwa kwa kuku.

Nasema kweli, kuku. Pamba ikishauzwa watu walileta sadaka ya mavuno: mtama, mahindi, choroko, mbuzi mara moja moja, na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada nje chini ya mti, na mara nyingi mtu hununua, kisha hurudisha kuku yule yule auzwe tena, hadi jogoo mmoja alipe mifuko miwili ya saruji. Kwa njia hiyo, na kwa ahadi za walimu kila mwisho wa mwezi, tulisimamisha kuta za matofali ya kuchoma. Mwaka 1992 tulikuwa na shilingi 410,000 za paa benki. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi nilikuwa mimi.

Bei ya bati ilikuwa ikipanda kila tulipouliza dukani. Fedha zetu zilikuwa zinayeyuka zikiwa zimekaa. Ndipo mjumbe mmoja wa kamati, mfanyabiashara, alipokuja na habari za Nyarugusu, Geita. Dhahabu ilikuwa inatoka, watu walikuwa wanamiminika toka kila wilaya. Alimjua mwenye duara aliyehitaji fedha za chakula cha wachimbaji, pampu na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo. Anayetoa fedha hupata sehemu yake ya mifuko ya mawe siku ya mgao, pamoja na mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Tukakaa, tukasali, tukakubali. Kumbukumbu za kikao niliziandika kwa mkono wangu, na neno nililotumia ni "kuzitunza fedha za Bwana". Hatukuwaambia waumini.

Mgao wa kwanza tulipata mifuko michache. Ilipotoka karashani na kuoshwa, ikatupa fedha kidogo, nasi tukafurahi kama watoto tukazirudisha zote shimoni, pamoja na zilizokuwa zimebaki benki. Mvua za Novemba zilipoanza, maji yaliingia. Pampu ilikuwa imekula sehemu kubwa ya fedha, matimba yakanunuliwa machache. Upande mmoja wa duara ulianguka ukamponda mguu kijana mmoja. Alikuwa wa kwetu, mwimba kwaya, aliyeomba kazi kwa kuwa alisikia kanisa lina sehemu mle. Yeye alijua walichokuwa hawajui wazazi wake. Hakufa, lakini alichechemea maisha yake yote.

Duara liliachwa. Mfanyabiashara alihama mji. Nami nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwamba kutokana na hali ya uchumi paa litachelewa. Siku hiyo bibi mmoja mjane, mayu tuliyemheshimu wote, alinishika mkono mlangoni. Yeye ndiye aliyetoa majogoo mawili kila mwaka tangu msingi. Akaniuliza kwa Kisukuma, wala si kwa hasira: "Mwalimu, kuku wangu wamefika wapi?" Nikamwambia wako njiani. Alifariki mwaka 1994, jeneza lake likiwa chini ya anga, kwa kuwa paa lilipatikana mwaka 1996, kwa minada mingine na kwa mshahara wangu kiasi, ambao hakuna aliyejua kwa nini nautoa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipokuwa nikimsikiliza mwongozaji wa Mkunazini. Yeye alitia chumvi katika hadithi ili kupata saruji. Mimi niliwanyima watu hadithi yote, tena saruji haikupatikana.

Jioni ile, ndani ya boti ya kurudi Dar es Salaam, nilimsimulia mjukuu wangu. Alisikiliza hadi taa za bandari zikaanza kuonekana, kisha akauliza kama yule kijana bado yu hai. Nikasema ndiyo, ana duka la kushona viatu. "Babu, umewahi kumwomba radhi?" Nilimjibu kwamba humpelekea viatu vyangu vyote. Hakucheka.

Mwaka 2018 niliomba nafasi katika halmashauri ya mtaa, nikaenda na daftari la kumbukumbu nililokuwa nimelificha miaka 26. Niliwasomea. Kijana yule, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alikuwapo, kwani nilikuwa nimekwenda kwake kwanza, dukani, nikakaa juu ya kigoda cha wateja. Alichosema hapo dukani ni chake na changu. Kikaoni walinyamaza muda mrefu, kisha wawili wakasema maneno makali niliyostahili, na mmoja akataka tuyazike yaishe. Mweka hazina, msichana niliyempa cheti cha ualimu mimi mwenyewe, hakusema lolote hadi mwisho. Halafu akaliomba daftari akalitoe nakala, na tangu mwezi uliofuata hesabu za mtaa, mapato na matumizi hadi bei ya misumari, hubandikwa mlangoni kila Jumapili ya kwanza.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipokatiza safari za ndege, nilimfikiria sana kijana wa dirishani kule Mkunazini. Sisi huku minada haikukoma.

Bati zetu za mwaka 1996 zimeanza kutoboka upande wa kaskazini. Hesabu iliyobandikwa inaonyesha tumepungukiwa bati 18. Nimepeleka jogoo wawili.