Treina inasema wati 242, pedeli inasema 250: uamini ipi?

Unanyonga baiskeli iliyofungwa kwenye treina, ile mashine ya kufanyia mazoezi ndani. Skrini ya treina inaonyesha wati 242. Kipima nguvu kilichofungwa kwenye pedeli kinaonyesha 250. Miguu ni ileile, na muda ni uleule.

Usikimbilie kurudisha mzigo dukani. Mara nyingi vifaa vyote viwili ni vizima. Tofauti inatokana na mahali vinapopimia.

Kila kimoja kinapima sehemu yake

Kipima nguvu cha pedeli kinasoma pale mguu unaposukuma. Treina za kutoa gurudumu la nyuma na kufunga cheni moja kwa moja kwenye mashine zinasoma mwisho wa safari, nguvu ikishapita kwenye cheni na meno ya gia. Njiani msuguano hula takriban asilimia 2 hadi 4. Cheni kavu au yenye mchanga hula zaidi.

Mkulima wa korosho wa Pwani analijua hili. Ukipima mzigo siku ya kuokota, kisha ukaupima tena ukishakauka, kilo zinapungua bila mizani kuharibika.

Kwa hiyo treina kusoma chini kidogo ni jambo la kawaida. Ikisoma juu ya pedeli kwa kiasi kikubwa, hapo kuna shida, kwa sababu cheni haiwezi kuongeza nguvu.

Sababu nyingine za namba kupishana

- Uvumilivu wa kiwandani. Vifaa vingi vizuri huuzwa kwa ahadi ya kukosea si zaidi ya asilimia 1 hadi 2, juu au chini. Kimoja kikipanda na kingine kikashuka, pengo linakua.
- Kipimo cha mguu mmoja. Baadhi ya vifaa husoma mguu wa kushoto tu, kisha huzidisha mara mbili. Kama mguu huo unatoa asilimia 52 ya nguvu zako, wati 250 za kweli zitasomeka 260.
- Joto. Chuma kikipata joto, usomaji husogea. Kifaa kilichowekwa sifuri asubuhi kwenye ubaridi kinaweza kupotoka mchana.
- Tairi na rola. Kwenye treina za bei nafuu, tairi la nyuma husugua rola. Upepo ukipungua au rola ikikazwa tofauti na jana, namba zinabadilika.
- Urefu wa mkono wa pedeli. Ukiandika milimita 175 kwenye programu wakati wako ni 170, kipima nguvu cha pedeli kitazidisha karibu asilimia 3.

Hata kwa Froome iliwahi kuleta mjadala

Chris Froome alizaliwa Nairobi na akafundwa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Julai 2015, kwenye Tour de France, aliwaacha wenzake mlimani La Pierre Saint-Martin, na tuhuma za dawa zikaanza. Televisheni ya Ufaransa ilirusha makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake.

Timu yake, Sky, ilijibu kwa takwimu. Kipima nguvu kilikuwa kimesoma wastani wa wati 414. Kocha Tim Kerrison alieleza kwamba gia ya mbele ya Froome haikuwa duara kamili, na umbo hilo huongeza usomaji kwa takriban asilimia 6. Baada ya kurekebisha, ilibaki 5.78 kwa kilo.

Asilimia 6 tu, lakini ilihusu heshima ya mtu.

Jipime mwenyewe nyumbani

Kwa anayeishi Dutumi, mazoezi ya ndani yana maana. Masika kuna tope, kiangazi vumbi, na ukitokea Mlandizi unakutana na malori ya Barabara ya Morogoro. Lakini usilinganishe namba za jana barabarani na za leo sebuleni. Kwenye chumba chenye joto la Pwani bila feni, mwili wenyewe unatoa wati chache. Hilo si kosa la kifaa.

Linganisha vyote viwili kwa wakati mmoja:

1. Safisha cheni, itie mafuta.
2. Nyonga dakika 10 hadi 15 vifaa vipate joto.
3. Weka sifuri kwenye kipima nguvu bila mguu kugusa pedeli. Rekebisha treina kwa maelekezo yake.
4. Rekodi treina kwenye simu moja, na kipima nguvu kwenye simu nyingine au saa.
5. Nyonga dakika 5 kwa wati kama 150, kisha 200, kisha 250, bila kubadili gia ovyo.
6. Linganisha wastani, si namba inayorukaruka kwenye skrini.

Namba zinakwambia nini?

- Treina iko chini kwa asilimia 2 hadi 4: endelea na mazoezi.
- Pengo ni wati zilezile, mfano 10, kwenye hatua zote: huenda sifuri haikuwekwa vizuri.
- Pengo linakua kadiri unavyoongeza nguvu: angalia urefu wa mkono wa pedeli, au urekebishaji wa treina.
- Pengo linakua kadiri muda unavyokwenda: ni joto. Weka sifuri upya.
- Pengo linazidi asilimia 6 baada ya yote haya: sasa wasiliana na muuzaji, ukiwa na rekodi mkononi.

Chagua mizani moja

Hatari kubwa ni kuchanganya. Ukipima uwezo wako kwa pedeli ukapata 250, kisha ukajipangia mazoezi kwa treina inayosoma chini, kila siku utajisukuma kuliko ilivyopangwa. Baada ya wiki kadhaa utachoka bila kujua sababu.

Kama una kipima nguvu, kitumie ndani na nje. Programu nyingi zinaruhusu treina ifuate usomaji wake. Kama una treina pekee, jipime kwa treina na ufanye mazoezi kwa treina. Namba ikipungukiwa wati 8 kila siku, bado itakuonyesha kama unapanda au unashuka.