Pesa zilikwenda kidimbwini, ningu akaachwa mtoni

Mwaka 2024 ulitimiza miaka 15 tangu serikali ya Kenya ianze kuchimba vidimbwi vya samaki mashambani, na hapa Gusii hakuna aliyepiga hata kigelegele. Katika bajeti ya 2009, Uhuru Kenyatta akiwa waziri wa fedha, ufugaji wa samaki ulitengewa Sh1.12 bilioni: vidimbwi 200 katika kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Vifaranga vya tilapia vikagawanywa pamoja na chakula chake. Mto haukukumbukwa.

Mto wenyewe ni Gucha, unaochimbuka milima ya Kiabonyoru kule Nyamira, ukakata Kisii na kuteremka hadi Ziwa Victoria ukiitwa Kuja. Mvua za masika zikijaza mito ya ziwa hili, samaki aitwaye ningu huacha ziwa na kupanda kinyume cha maji, akataga mayai kwenye nyasi zilizofurikwa kandokando. Kwa tabia hiyo yeye ndiye samoni wetu.

Nani aliyemmaliza? Kwa vizazi, wavuvi wa mitoni walisimamisha uzio wa miti na kutega migono, wakivua wakati wa msimu. Mwaka 1905 nyavu za makila zikaingia ziwani. Mwingereza Michael Graham, aliyekagua uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alisikitikia ngege, tilapia wa ziwa hilo, aliyekuwa akipungua, na sheria ya 1933 ikakataza matundu ya nyavu yaliyo chini ya inchi tano. Ningu ni mdogo. Sheria hiyo ilikuwa kinga yake pia, lakini usimamizi ulilegea na mwishowe ikafutwa. Nyavu za matundu madogo zikatandazwa kwenye midomo ya mito, zikimnasa samaki kabla hajataga. Mtafiti Cadwalladr, aliyeandika mwaka 1965 kuhusu mto Nzoia, alionyesha kuwa ningu na ufundi wa kienyeji wa kumvua vilididimia pamoja. Ripoti yake hainipi sababu ya kumlaumu mwenye mgono. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, linamhesabu ningu miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Huku juu nasi hatuna la kujivunia. Mabonde yamekaushwa, na mikaratusi inayofyonza maji imepandwa hadi ukingoni mwa mto. John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mwaka 2009 mikaratusi iliyo karibu na maji ikatwe. Mwaka ule ule wa vidimbwi! Wenye miti walinung'unika, maana mti huo ni karo ya mtoto, na mingi ingali imesimama.

Marekani ilianzisha mfuko wa kufufua samoni wa Pasifiki mwaka 2000, na pesa zake hutengeneza mito yenyewe. Kwetu, watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, huko Kegati, Kisii, wamejaribu kumzalisha ningu kituoni. Mpango mkubwa uliofuata ule wa vidimbwi, wa ufugaji wa samaki kibiashara kwa msaada wa IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kilimo, ulichagua kaunti 15. Kisii imo. Nyamira, chimbuko la Gucha, haimo.