Amani, Indore na Bustani ya Shule Yetu



Kamati imetenga eneo nyuma ya jiko la shule kwa ajili ya bustani ya mfano, itakayotumiwa na wanafunzi pamoja na wanakijiji. Katika mkutano wetu tutaamua kipandwe nini. Kabla ya kupiga kura, yafaa tutazame historia, na mkoa wetu wa Tanga unayo ya kutosha.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti huko Amani, Usambara Mashariki, wakakusanya mimea ya nchi nyingi ili kupima faida yake. Miongoni mwa miti iliyoletwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 ni Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Mti huu ni wa Afrika hii hii. Hata hivyo, msitu ulipokatwa mbao ukabaki wazi, hondohondo walisambaza mbegu zake, nao ukaenea mahali pa miti ya asili. Kumbe mti wa Afrika si lazima uwe mti wa hapa. Kwa hiyo napendekeza mbegu zetu zitoke katika misitu ya jirani, na wazee wa kijiji ndio watutajie miti yenyewe.

Kuhusu mboji, tumkumbuke Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931. Msomi huyo hakuona haya kujifunza kwa wakulima wa kule. Alipanga matabaka ya majani, samadi, udongo na majivu, akayanyunyizia maji na kuyageuza. Baada ya miezi mitatu hivi mboji ilikuwa tayari. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilifika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya na Tanganyika. Malundo yetu basi yawe kivulini, karibu na jiko zinakotoka taka, na mbali na kisima.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Sisi wa miaka ya 1990 tulilijua jembe kama adhabu ya wachelewaji. Bustani hii ikirudia desturi hiyo, itakufa mara tu wafadhili wake tukiondoka. Kila lundo liwe na daftari, na kila mti uwe na kibao cha jina lake, ili mwanafunzi aende pale kusoma.

Naomba hoja hii iungwe mkono.